Fomu Zinazoishia Njiani

Juma hili nakualika tutazame jambo ambalo wengi wetu tunalifanya karibu kila siku bila ya kulifikiria, nalo ni kujaza fomu katika tovuti na kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Tuma". Iwe uko Muscat unamwombea mtoto nafasi ya shule, uko Leicester unajiandikisha katika chama cha kuzikana cha watu wa kwenu, au uko Minneapolis unampelekea mama yako fedha Kisumu, safari yako hukomea katika kitufe hicho. Swali letu la leo ni la upande wa pili wa kitufe. Mwenye tovuti anajuaje kwamba fomu imetumwa? Anajuaje kwamba ulifika, ukajaza nusu, ukachoka, ukaondoka? Na katika kutaka kuyajua hayo, ana haki ya kujua kiasi gani juu yako?

Mwenye duka la nguo pale Darajani, Unguja, hana haja ya kuuliza. Mteja akiingia, akaikunjua kanga, akauliza bei, kisha akairudisha na kutoka, muuzaji ameyaona yote kwa macho yake. Jioni anajua kwamba waliingia watu wengi na wakanunua wachache, na huenda hata akajua kwa nini. Mwenye tovuti hana macho hayo. Sanduku lake la barua pepe likiwa tupu, hawezi kupambanua kati ya mambo matatu: kwamba hakuna mtu aliyekuja; kwamba walikuja lakini hawakuvutiwa; au kwamba walikuja, wakajaza, wakatuma, na fomu zao zikapotea njiani. Kimya ni kimoja, sababu ni tatu. Chama cha kuzikana ambacho fomu yake imevunjika kinaweza kukaa miezi kadhaa kikiwalaumu wanachama kwa uvivu, huku wanachama wakikilaumu chama kwa dharau ya kutowajibu.

Ili tuone uzito wa jambo hili, na tuanze na kisa kimoja mashuhuri cha Marekani. Kampuni ya Expedia, ambayo huuza safari na vyumba vya hoteli kupitia intaneti, iligundua jambo la ajabu katika takwimu zake. Kulikuwa na wateja waliochagua safari, wakajaza fomu ya malipo, wakabonyeza kitufe cha kununua, lakini ununuzi haukukamilika. Hawa hawakuwa watazamaji tu, walikuwa wamekwisha kuamua kutoa fedha zao. Wachambuzi wa kampuni walipowalinganisha na wale waliofanikiwa, waliikuta sababu katika kisanduku kimoja kidogo cha fomu, kilichokuwa chini ya jina, kilichouliza "Kampuni". Kisanduku hicho hakikuwa cha lazima. Baadhi ya wateja, kwa kuwa walikuwa wakijaza habari za kadi ya benki, walidhani wanaulizwa jina la benki yao, wakaliandika. Na kwa kuwa wameandika jina la benki, walipofika kwenye anwani wakaandika anwani ya benki badala ya ile ya nyumbani kwao. Kadi ilipohakikiwa, anwani haikulingana na iliyosajiliwa, na malipo yakakataliwa.

Expedia ilikiondoa kisanduku hicho. Mmoja wa wakuu wake wa takwimu, Joe Megibow, alieleza mwaka 2010 kwamba hatua hiyo iliiongezea kampuni faida ya dola milioni 12 kwa mwaka. Kinachonivutia mimi katika kisa hiki ni kwamba wateja wale hawakulalamika, na wala hawakujua la kulalamikia. Kila mmoja aliyekataliwa alidhani kadi yake ina tatizo, au mashine ina tatizo, akaenda kununua kwingine. Kama si hesabu ya waliobonyeza kitufe ikilinganishwa na ya waliokamilisha, neno lile moja lingeendelea kukaa mahali pake.

Sasa hesabu hiyo hufanywaje? Katika miaka ya 1990 wenye tovuti walitegemea kumbukumbu za seva, yaani orodha ndefu ambayo kompyuta yenye tovuti huandika kila inapoombwa ukurasa. Programu kama ile iliyoitwa Urchin zilizisoma orodha hizo na kuzigeuza kuwa majedwali. Mwaka 2005 kampuni ya Google iliinunua kampuni iliyotengeneza Urchin, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo ikatoa huduma ya Google Analytics bila ya malipo. Mtindo ulioenea tangu hapo ni kuweka ndani ya kila ukurasa kipande kifupi cha programu kinachotumika ndani ya kivinjari cha mgeni, nacho hupeleka taarifa kwenye kompyuta za kampuni inayopima: ukurasa fulani umefunguliwa, saa fulani, kutoka nchi fulani, kwa simu au kwa kompyuta.

Lakini kufungua ukurasa na kutuma fomu ni mambo mawili. Njia ya zamani ya kuipima fomu, ambayo bado yatumika kwa wingi, ni ile ya ukurasa wa shukrani. Mtu akishatuma fomu hupelekwa kwenye ukurasa mpya unaosema, "Asante, tumepokea maombi yako." Kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuufikia ukurasa huo, kila unapofunguliwa huhesabiwa kuwa ni fomu moja. Hila hii ni nyepesi na nzuri, ila ina kasoro zake. Mtu akiufungua upya ukurasa ule ili aisome tena namba yake ya kumbukumbu, huenda akahesabiwa mara mbili. Na tovuti nyingi za siku hizi hazimhamishi mtu hata kidogo: fomu hutumwa kimyakimya, na maneno ya shukrani hujitokeza mahali palepale. Hapo hakuna ukurasa mpya wa kuhesabu.

Ndipo ikaja njia ya pili, ya kuhesabu kile ambacho wataalamu hukiita tukio. Kipande cha programu huambiwa kisubiri kitendo maalumu, kama vile kubonyezwa kwa kitufe au kutumwa kwa fomu, na kitendo hicho kikitokea kitoe taarifa. Google Analytics ya kizazi cha nne, iliyotolewa mwaka 2020 na ambayo ilichukua nafasi ya ile ya zamani tangu Julai 2023, ina uwezo wa kuhesabu yenyewe mtu anapoanza kujaza fomu na anapoituma.

Hapa, msikilizaji, pana mtego ambao huwanasa wengi, na ni vyema tuukawilie kidogo. Kubonyeza kitufe si kutuma, na kutuma si kupokelewa. Mtu anaweza kukibonyeza kitufe mara tano kwa hasira kwa sababu fomu inamkatalia namba yake ya simu. Chombo kilichowekwa kuhesabu mibonyezo kitaripoti mafanikio matano, ilhali hakuna hata fomu moja iliyofika. Vivyo hivyo, kivinjari kinaweza kuituma fomu vizuri kabisa, seva ikaikataa, au ikaipokea lakini barua pepe ya kumwarifu karani ikaishia katika kapu la barua taka. Wakati wote huo jedwali la takwimu linapendeza. Taarifa inayofaa kuhesabiwa ni ile inayotolewa baada ya seva kujibu kwamba imepokea, si kabla. Kwa upande mwingine, ziko programu zinazojiendesha zenyewe, ambazo huzunguka mtandaoni zikijaza kila fomu zinayoiona kwa matangazo ya uongo. Nyingi hazionekani na chombo cha kupima, lakini sanduku la barua hufurika. Ndiyo maana hesabu ya chombo na hesabu ya sanduku hazilingani kikamilifu karibu siku zote. Fundi anayekwambia zinalingana bila ya tofauti yoyote, mwulize ameyahakikishaje maneno yake.

Thamani ya vipimo hivi huonekana zaidi vinapogawanywa kwa hatua. Chukua mfano wa kubuni: watu 200 waliifungua fomu, 80 wakaanza kujaza, 30 wakafika mwisho. Wale 120 ambao hawakuanza ni swali moja; pengine fomu ilikuwa ndefu mno, au walifika kwa bahati mbaya. Wale 50 walioanza wakaacha ni swali tofauti kabisa, kwa kuwa walikuwa na nia. Waliachia wapi? Serikali ya Uingereza, ilipoanza kuzihamishia huduma zake katika intaneti chini ya idara yake ya huduma za kidijitali iliyoundwa mwaka 2011, iliifanya sehemu ya watu wanaokamilisha shughuli waliyoianza kuwa mojawapo ya vipimo vinne ambavyo kila huduma ilitakiwa kuvitangaza. Vingine vilikuwa gharama ya kila shughuli, kuridhika kwa watumiaji, na kiasi cha watu wanaotumia njia ya mtandao. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu fomu ya serikali ina jambo moja ambalo fomu ya duka haina: mtu akishindwa kuijaza hawezi kwenda kwa serikali ya jirani.

Na sisi tunaoishi ughaibuni tunapajua mahali pa kukwama pengine kuliko yeyote. Fomu inadai jina la ukoo. Mtu wa kutoka Tanzania ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na anajiuliza lipi kati ya hayo ndilo la ukoo. Mwenzake wa Oman ana "bin" na "Al" katikati, na fomu inamwambia jina lake lina herufi zisizokubalika. Anayeishi Dubai anadaiwa namba ya posta, nazo anwani za Falme za Kiarabu hazina namba hizo. Basi anaandika sifuri tano ili apite, na wakati mwingine hapiti. Namba ya simu inayoanza na 255 au 254 inakataliwa kwa sababu aliyeiunda fomu alizihesabu tarakimu za nchi yake tu. Mwenye tovuti anayepima fomu kwa ujumla ataona kwamba wageni kutoka nchi fulani hawakamilishi, naye atahukumu kwamba hawana haja. Anayepima ni kisanduku gani kilichotoa onyo la kosa, na mara ngapi, atauona ukweli ndani ya juma moja.

Hadi hapa nimevisifu vyombo hivi, na vinastahili sifa. Lakini upo upande mwingine ambao ni mzito zaidi. Fomu si ukurasa wa kusoma. Ndani ya fomu watu huandika magonjwa yao, madeni yao, hali ya vibali vyao vya kuishi ugenini, talaka zao. Chombo cha kupima kikiwekwa karibu na fomu bila ya uangalifu, siri hizo hutoka nje.

Mwezi wa Januari mwaka 2015 iligundulika kwamba healthcare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafutia bima ya afya, ilikuwa ikivujisha habari za watu kwa makampuni ya nje. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Majibu ya mtu, kama vile umri, kipato, kama anavuta sigara na kama ni mjamzito, yalikuwa yakiandikwa katika anwani ya ukurasa unaofuata, ile mistari ya herufi inayoonekana juu ya kivinjari. Kwa kuwa kila chombo cha kupima na cha matangazo hupelekewa anwani ya ukurasa alipo mgeni, majibu yale yalisafiri pamoja nayo. Shirika la kutetea haki za mtandaoni, Electronic Frontier Foundation, lilihesabu vikoa visivyopungua 14 vya nje vilivyokuwa vikipokea. Kosa hili la kuyaacha majibu ya fomu yaingie katika anwani ni la kale, tena ni rahisi kuligundua: tuma fomu yako mwenyewe, kisha uitazame anwani ya ukurasa unaofuata. Ukiliona jina lako au barua pepe yako pale, basi na wengine wameliona.

Mwezi wa Juni 2022 waandishi wa jarida la The Markup walichunguza tovuti za hospitali 100 zinazosifika Marekani. Katika 33 kati ya hizo walikuta kipande cha programu kinachoitwa Meta Pixel, cha kampuni yenye Facebook, kikipeleka taarifa kila mgonjwa alipobonyeza kitufe cha kuomba miadi ya daktari. Miongoni mwa yaliyotumwa katika baadhi ya tovuti ni jina la daktari na maneno aliyoyatafuta mgonjwa, pamoja na namba ya mtandao inayoweza kusaidia kumtambua. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo shirika moja la hospitali, Advocate Aurora Health, liliwatangazia wagonjwa wake wapatao milioni 3 kwamba huenda habari zao zilifichuliwa kwa njia ya vyombo vya aina hiyo. Nia ya hospitali nyingi ilikuwa ndogo na ya kawaida: kujua matangazo yao yanaleta wagonjwa wangapi. Walitaka kuhesabu fomu, wakajikuta wanawakabidhi wagonjwa.

La tatu linanishtua zaidi. Katika mwaka uleule wa 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Leuven, Nijmegen na Lausanne walichapisha uchunguzi wa tovuti 100,000 zinazotembelewa sana duniani. Walitaka kujua jambo moja: je, kuna tovuti ambapo yale unayoyaandika huchukuliwa na wapimaji kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma? Jibu lilikuwa ndiyo. Zilipotembelewa kutoka Ulaya, tovuti 1,844 zilivujisha anwani ya barua pepe ya mtu kabla hajaituma. Zilipotembelewa kutoka Marekani, idadi ilipanda hadi 2,950. Katika tovuti 52 hata neno la siri lilichukuliwa, kwa bahati mbaya na si kwa makusudi, na programu zinazorekodi matendo ya mgeni mfano wa mkanda wa video.

Fikiria maana yake. Mtu ameifungua fomu ya wakili wa mambo ya uhamiaji, ameandika anwani yake, ameanza kueleza hali yake, kisha moyo umemwambia asubiri. Amefuta kila neno na kufunga ukurasa. Kwa desturi ya watu wote, barua isiyotumwa si barua. Chombo kinachochukua maneno kabla ya kitufe kimeivunja desturi hiyo, na mwandishi wa fomu hana namna ya kujua.

Sheria nazo zimekuja juu. Umoja wa Ulaya una kanuni zake za ulinzi wa data zinazotumika tangu Mei 2018. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019, Tanzania na Oman mwaka 2022. Katika Ulaya chombo cha kupima kinachohifadhi vidakuzi katika kompyuta ya mgeni kwa kawaida kinahitaji ridhaa yake, ingawa Ufaransa, kwa mfano, inaruhusu vipimo fulani vya matumizi ya mwenye tovuti peke yake, kwa masharti, bila ya kuomba ridhaa hiyo. Mwezi wa Januari 2022 ulitangazwa uamuzi wa mamlaka ya Austria kwamba tovuti moja ilivunja kanuni kwa kuzipeleka data Marekani kupitia Google Analytics, na ya Ufaransa ikafuata mwezi uliofuata. Makubaliano mapya kati ya Ulaya na Marekani juu ya usafirishaji wa data yalipatikana Julai 2023. Kwa mwenye tovuti ndogo, athari iliyo karibu ni hii: wanaokataa vidakuzi hawahesabiwi, na hivyo takwimu zake ni pungufu tangu mwanzo.

Basi chama kidogo, madrasa, au mwenye biashara ya kusafirisha mizigo kutoka London kwenda Mombasa afanye nini? Kwa maoni yangu wengi wao hawahitaji chombo cha nje hata kidogo. Seva inayopokea fomu inaweza yenyewe kuipa kila fomu namba, na kuandika kando, bila ya majina, ni mara ngapi fomu ilifunguliwa na ni mara ngapi kisanduku fulani kilikataa. Anayetaka majedwali mazuri anaweza kutumia programu huria kama Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ambayo huwekwa katika seva yako mwenyewe ili takwimu zisitoke nje. Na anayechagua kampuni ya nje na aihesabishe tukio tu, yaani fomu imepokelewa, bila ya kuipa chochote kilichoandikwa ndani yake. Zaidi ya hayo, kila Jumatatu mtu mmoja na ajaze fomu mwenyewe, kwa simu na si kwa kompyuta ya ofisini, kisha angoje aone kama imefika. Kazi hii huchukua dakika tatu, na hakuna programu inayoweza kuifanya badala yake kwa ukamilifu uleule.

Ama wewe msikilizaji unayejaza tu, unao ushahidi mmoja wa kuudai. Maneno "Asante" yanayotokea katika kioo yaweza kuwa yameandikwa na kivinjari chako peke yake, kabla seva haijajibu. Namba ya kumbukumbu, au barua pepe ya kuthibitisha, kwa kawaida hutoka upande wa pili. Ipige picha namba hiyo, andika na tarehe, na ikiwa baada ya kutuma hupati namba wala barua, piga simu ofisini siku ileile, kwa kuwa huenda wao hawajui kwamba ulikuja.